Shokapu ya Baba, Saketi ya Binti

Kona ya Sayansi ya wiki hii inaanzia barabarani.

Mwanafunzi wetu mmoja mkubwa, anayesoma fizikia ya kidato cha tano katika shule yake ya kawaida, alinifuata baada ya kipindi cha Jumamosi akiwa na daftari lililojaa michoro ya saketi za umeme. Baba yake alikuwa fundi magari Gerezani, Dar es Salaam, miaka mingi kabla ya kuhamia huku Tooting. "Mwalimu," akaniambia, "baba akiniuliza leo nimesoma nini, namjibu saketi, na mazungumzo yanaishia hapo. Anasema yeye ni mtu wa springi na shokapu, umeme ni wa wengine. Na mimi springi sizijui."

Nikamwomba aje na baba yake Jumamosi iliyofuata, na daftari lile lile. Tulikaa watatu kwa saa nzima, chai ikapoa. Mengi ya haya ninayokuandikia yalitoka kwenye mazungumzo yale, na nimeyapanga ili nawe uweze kukaa na mzazi wako mkayajaribu.

Tuanze na gari. Mitaa yetu ina matuta ya kupunguza mwendo, unayajua. Gari likipita juu ya tuta linapanda, linashuka, linabonyea kidogo, linatulia. Gari zima hutulia upesi. Gari bovu huendelea kunesa kama kitanda cha kamba mpaka abiria wa nyuma wanaanza kuomba dirisha lifunguliwe.

Vitu vitatu ndivyo vinavyoamua jambo hilo. Cha kwanza ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika bodi, injini na abiria. Mitaani tunasema uzito tu, na kwa leo si kosa kubwa. Tabia ya tungamo ni ukaidi: fikiria mkokoteni uliojaa magunia ya viazi, ulivyo mgumu kuuanzisha, na ukishaanza ulivyo mgumu kuusimamisha. Cha pili ni springi. Ukiibana inatunza nguvu uliyoitia, ukiiachia inakurudishia. Cha tatu ni shokapu, ambayo wengine huiita shokamzoba. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gari likinesa, pistoni inayalazimisha mafuta yapite kwenye matundu hayo, nayo yanapita kwa shida. Ukisukuma polepole yanakubali. Ukisukuma kwa haraka yanakataa zaidi.

Sasa fungua daftari la binti. Humo pia mna vitu vitatu. Koili ni waya uliozungushwa mara nyingi, na tabia yake ni kupinga mabadiliko ya mkondo: mkondo ukiwa haupo, koili inachelewesha kuja kwake, ukishakuwapo, inachelewesha kuondoka kwake. Kapasita ni bamba mbili zinazotazamana bila kugusana; unaijaza chaji, inaitunza, kisha inairudisha. Rezista ni kipande kinachoupinga mkondo wenyewe, na kadiri mkondo unavyokuwa mkubwa ndivyo kinavyodai volteji kubwa zaidi.

Baba alisikiliza maelezo hayo kutoka kwa binti yake, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo koili ni mkokoteni."

Ndiyo. Na hakuwa anatania.

Iweke hivi. Kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, iite volteji. Kasi ya mwendo iite mkondo. Umbali ambao springi imebanwa uite chaji. Ukishakubali majina hayo matatu, mengine yanajipanga yenyewe: tungamo ni koili, shokapu ni rezista, springi ni kapasita. Kuna mtego mmoja tu, na watoto wengi hunasa hapo. Springi ngumu si kapasita kubwa, ni kapasita ndogo. Springi laini inakubali kubanwa sana kwa kani kidogo, kama kapasita kubwa inavyokubali chaji nyingi kwa volteji kidogo.

Huenda ukasema ni kufananisha tu, kama tunavyosema moyo ni pampu. Hapana, hapa kuna zaidi. Kwa gari tunaandika hivi:

kani = tungamo × mchapuko + ukali wa shokapu × kasi + ugumu wa springi × umbali

(Mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde.) Kwa saketi yenye koili, rezista na kapasita zilizofuatana kwenye waya mmoja tunaandika:

volteji = koili × kubadilika kwa mkondo kila sekunde + ukinzani × mkondo + chaji ÷ kapasita

Zisome tena polepole, moja chini ya nyingine. Ni hesabu moja iliyovaa nguo mbili. Hesabu haijui kama inazungumzia chuma au umeme. Kwa hiyo jibu la moja ni jibu la nyingine, na aliyewahi kuutatua mmoja ameutatua wa pili bila kujua.

Pale Gerezani, baba alituambia, kupima shokapu hakuhitaji mashine. Unalikandamiza gari kwenye pembe moja kwa mikono miwili, unaliachia ghafla, unahesabu. Likipanda, likashuka mara moja kidogo na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kunesa, imekufa. Binti akachora saketi: chaji kapasita, kisha ifungulie njia ipitie kwenye koili na rezista. Kukandamiza gari ni kuchaji kapasita. Kuliachia ni kufungua swichi. Chaji inakimbia upande wa pili, inarudi, inakimbia tena, kila safari ikiwa ndogo kuliko iliyopita, kwa sababu rezista inakula kidogo kila mara.

Tukafanya hesabu, nawe ifuate kwa kalamu. Tuseme gurudumu moja limebeba kilo 300, na springi yake inahitaji mzigo wa kama kilo 20 ili ibonyee sentimita 1, yaani nyutoni 20,000 kwa kila mita. Gawa 20,000 kwa 300, unapata 66.7. Kipeuo chake cha pili ni 8.16. Gawa kwa 6.28 (hiyo ni pai mara mbili). Jibu ni 1.3: gari hilo linapenda kunesa mara 1.3 kwa sekunde. Baba alifumba macho, akatikisa mkono juu na chini, akasema, "Ndiyo, saluni ndogo inakwenda hivyo."

Upande wa umeme, binti alichagua koili ya henri 0.3 na kapasita ya mikrofaradi 50. Zidisha 0.3 kwa 0.00005, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 6.28, kisha gawa 1 kwa jibu lako. Utapata kama 41. Saketi hiyo inanesa mara 41 kwa sekunde. Ni gari lile lile likiendeshwa haraka mara 32 hivi. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mchezo huu: badala ya kukata chuma na kununua springi mpya kila unapotaka kujaribu, unabadilisha kipande cha senti chache mezani na kutazama. Ukiweka rezista ya ohmu 47 (pamoja na ukinzani wa waya wa koili yenyewe, usiusahau), unapata kitu kinachofanana na shokapu ya kawaida. Ukilikandamiza gari la namna hiyo sentimita 5, litapita mahali pake kwa karibu sentimita 2, litarudi chini ya sentimita 1, basi. Ukifika ohmu 155, halipiti kabisa. Linarudi mahali pake na kusimama, lakini safari ya namna hiyo ni ngumu kwa mgongo, kwani kila tuta linapigwa moja kwa moja mpaka kwenye kiti.

Halafu likaja jambo ambalo mimi sikulijua. Baba alisema kuna njia nyingine ya kuipata shokapu mbovu. Gari likirudi kutoka barabara ya vumbi, ile yenye mawimbi kama bati, fundi anazigusa shokapu zote nne. Tatu zina moto, moja ina baridi. "Ya baridi ndiyo mbovu," alisema. Binti akamtazama. Kisha akageuza kurasa mbili nyuma, akamwonyesha mstari alioupigia kistari: joto la rezista ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Ukinzani ukiisha, joto linaisha pia. Shokapu iliyovuja mafuta haipingi chochote, kwa hiyo haipashwi moto na chochote. Mmoja alilijua jambo hilo kwa kiganja, mwingine kwa kalamu. (Watoto, msiguse shokapu za gari lililotoka safari. Zinaweza kuunguza.)

Hapa wazazi wenye redio za zamani wanaweza kusaidia. Watoto wanaocheza bembea pale Tooting Common wanajua kwamba ukisukuma kwa mdundo wa bembea yenyewe, msukumo mdogo hufanya mwendo mkubwa; ukisukuma ovyo, unachoka bure. Gari nalo lina mdundo wake, 1.3 kwa mfano wetu, na fundi hataki barabara iupate. Redio inataka kinyume chake. BBC ilipoanza matangazo ya Kiswahili kutoka London mwaka 1957, babu aliyekuwa akizungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni alikuwa anazisogeza bamba za kapasita. Kwa lugha ya gari, alikuwa akiilegeza au kuikaza springi mpaka mdundo wa redio yake ulingane na mdundo wa mawimbi yanayopita hewani. Ukilingana, sauti inajaa chumba. Kitu ambacho fundi wa Gerezani anakikimbia, babu alikuwa anakitafuta kwa vidole viwili.

Mchezo huu wa kugeuza chuma kuwa umeme una historia yake. Mwanzoni watu walikwenda upande wa pili: umeme ulikuwa mgeni, wakaueleza kwa mashine. James Clerk Maxwell, aliyefundisha King's College hapa London kuanzia 1860 hadi 1865, aliwaza uga wa sumaku kama vijigurudumu vinavyozunguka. Baadaye simu zilipoenea, mafundi wa umeme wakawa mabingwa wa saketi kuliko mafundi wa chuma walivyokuwa mabingwa wa mitetemo, na mkondo wa mawazo ukageuka. Huko Marekani, Joseph Maxfield na Henry Harrison wa Bell walikuwa na tatizo la gramafoni. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa. Waliiandika gramafoni nzima kama saketi: tungamo la mkono wa sindano kuwa koili, ulaini wa kiwambo kuwa kapasita, na tarumbeta kuwa rezista inayoipokea nishati na kuitoa chumbani kama sauti. Wakaitumia hesabu ambayo watu wa simu walikuwa nayo tayari, ya kupitisha sauti nzito na nyembamba bila kubagua. Walichapisha maelezo yao mwaka 1926, mwaka ule ule reli ya chini ya ardhi ilipofika Tooting. Miaka miwili baadaye Siti binti Saad alitoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikasikika pwani nzima. Zamani zile sauti ya taarabu ilipita kwenye sindano, kiwambo na tarumbeta, vitu vya chuma na hewa tu, na uzuri wake ulitegemea watu waliojua kuviwaza kama umeme.

Kuna kisa kimoja zaidi, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, ingawa kinahitaji utulivu.

Tulisema kasi ni mkondo na kani ni volteji. Kuna kamusi nyingine ambayo inageuza: kasi inakuwa volteji, na kani inakuwa mkondo. Nayo ni sahihi. Katika kamusi hii ya pili shokapu inabaki rezista, lakini springi inakuwa koili na tungamo linakuwa kapasita. Sasa angalia miguu. Springi ina ncha mbili, unaweza kuifunga popote. Shokapu ina ncha mbili. Kapasita ya dukani ina miguu miwili. Lakini tungamo? Kasi yake tunaipima kila mara kutoka ardhini, kana kwamba mguu mmoja wa kapasita hiyo umepigiliwa msumari kwenye ardhi na hauwezi kung'oka. Basi fundi wa umeme ana kitu ambacho fundi wa gari hana: kapasita yenye miguu yote miwili huru.

Malcolm Smith, profesa wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliliona pengo hilo, akauliza: kitu hicho kingekuwaje kikitengenezwa kwa chuma? Akakibuni na kukichapisha mwaka 2002, akakiita inerta. Ni fimbo yenye ncha mbili. Ukizisogeza ncha hizo, gia ndani yake zinazungusha gurudumu dogo zito, na gurudumu linakaidi kila mabadiliko ya kasi baina ya ncha mbili. Timu ya McLaren ilikifunga kwenye magari yake ya mashindano mwaka 2005, na Kimi Räikkönen akashinda nacho Barcelona. Nafasi tupu kwenye kamusi ndiyo iliyoonyesha kwamba kuna kitu hakijatengenezwa bado.

Baba hakushangazwa sana na magari ya mashindano. Alikuwa bado anaitazama saketi ya kwanza, na uso wake ulisema kuna kitu hakijakaa sawa. Mwishowe akasema, "Mwanangu, hii rezista yako haijui juu na chini." Akaeleza: shokapu halisi haipingi sawa pande zote. Ikibanwa inakubali kiasi, ili tuta lisimpige abiria. Ikitanuka inashikilia zaidi, ili springi isilirushe gari. Rezista haina habari hiyo. Mkondo uende kulia, uende kushoto, kwake ni mamoja.

Alikuwa na haki. Mfano wowote una mahali unapoishia, na ni vizuri kujua pako wapi. Springi ikibanwa mpaka mwisho inagonga chuma, na hapo haiwi tena kapasita ya kawaida. Bushi zikilegea, kuna mlio ambao hakuna kipande cha saketi yetu kinachoutoa. Lakini kwa hili la shokapu, binti alifikiri kidogo, akachukua penseli. Akachora rezista mbili badala ya moja, kila moja na dayodi yake, ile valvu ya umeme inayoruhusu mkondo upande mmoja tu. Ukienda kulia unapita kwenye rezista ndogo. Ukirudi kushoto, kwenye kubwa.

"Hapo sawa," baba akasema. "Ndani ya shokapu pia mna valvu mbili." Nami nikaenda kupasha chai.

Sasa zamu yako, nyumbani.

Tafuta springi laini, au lastiki ya nguo ikikosekana, uifunge kwenye mpini wa mlango. Ning'iniza mfuko wenye nusu kilo ya maharage. Uvute chini kidogo, uachie, na mzazi ahesabu sekunde za kunesa mara kumi. Kisha ning'iniza kilo 2, yaani mara nne ya mwanzo, na urudie. Kwa springi nzuri, muda unapaswa kuwa karibu mara mbili, si mara nne. Angalia tena ile hesabu ya kipeuo cha pili na ueleze kwa nini. Lastiki itakudanganya kidogo kwa sababu ugumu wake unabadilika ikivutwa. Andika imekudanganya kwa kiasi gani. Halafu chovya mfuko mwingine, wa mawe madogo, ndani ya ndoo ya maji ukiwa umening'inia, na uone kinachotokea. Maji yamekuwa kipande gani cha saketi?

Wakubwa wachore saketi ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha gari, kwa sababu kiti nacho kina springi na mtu naye ana tungamo. Mna koili ngapi sasa? Kapasita ngapi?

Na kila mtoto amwulize mzazi, babu au bibi, kwa simu ikibidi, swali hili kwa Kiswahili: katika kazi uliyowahi kufanya, ni kitu gani ulikijua kwa kugusa, kusikia au kunusa, kabla ya kipimo chochote? Cherehani, jahazi, jiko la mkaa, mashine ya kusaga, chochote. Andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, usilinyooshe. Jumamosi tutachagua moja na kujaribu kuligeuza saketi. Baba wa Gerezani amesema atakuja, na ameahidi kuleta shokapu iliyokatwa katikati ili tuzione hizo valvu.